Uzalendo Unaanzia Kisimani



Jioni moja tulikuwa darasani katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Dodoma. Darasa letu ni la wahitimu wa kisomo. Ni watu wazima ambao kusoma na kuandika wanajua tayari, ila hawataki ujuzi wao uote kutu. Hukutana chini ya mti, karibu na ofisi ya kijiji, wakishatoka shamba na kufungia mifugo. Siku hiyo niliandika ubaoni neno moja kwa herufi kubwa: UZALENDO. Kisha nikauliza, "Nani atatuambia mzalendo ni mtu gani?"

Mikono ikainuka. Mzee mmoja aliyewahi kuwa mgambo akasema, "Mzalendo ni askari anayelinda mpaka." Mama mmoja akasema, "Ni mtu anayesimama wima wimbo wa taifa unapoimbwa." Kijana mmoja akasema, "Ni yule anayevaa fulana ya timu ya taifa hata ikifungwa." Watu wakacheka. Majibu yote matatu nikayaandika ubaoni, maana yote yana ukweli ndani yake.

Nyuma kabisa alikuwa amekaa bibi mmoja, mkubwa kuliko sote darasani. Akainua mkono taratibu.

"Mwalimu," akasema, "mimi bunduki sijaishika hata siku moja. Mpaka wa nchi sijauona. Fulana sina. Nikisimama wima magoti yananiuma. Sasa mimi si mzalendo?"

Darasa likanyamaza. Nami nikanyamaza. Mwisho nikasema, "Bibi, swali lako ni kubwa. Nipe siku chache nikujibu."

"Usikawie, mwalimu," akasema. "Siku zangu si nyingi kama zako."

Somo hili ni jibu la swali la bibi yule. Lisome polepole. Kama mko wengi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mwishoni yako maswali ya kuzungumza pamoja.

1. MZALENDO NI MWENYE NCHI

Tuanze na neno lenyewe. Neno mzalendo lina udugu na neno kuzaliwa. Mzalendo ni mzaliwa wa nchi, ambaye anaipenda nchi yake, anaitunza na kuitetea. Kwa maneno mengine, mzalendo ni mwenye nchi.

Shika hayo maneno mawili: mwenye nchi. Mgeni akilala kwako usiku mmoja, paa likivuja atasogeza mkeka pakavu alale. Asubuhi ataaga, ataondoka. Wewe mwenye nyumba hufanyi hivyo. Unapanda juu, unaziba. Usipoziba leo, kesho utalowa wewe na watoto wako. Hiyo ndiyo tofauti ya mgeni na mwenye nyumba, na ndiyo tofauti ya mtu anayekaa tu katika nchi na mzalendo.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inasema habari hizi pia. Tunazoea kusikia haki zilizomo katika Katiba. Wajibu nao umo. Ibara ya 25 inaeleza wajibu wa kufanya kazi. Ibara ya 26 inaeleza wajibu wa kufuata sheria. Ibara ya 28 inaeleza wajibu wa kuilinda nchi. Katikati yake iko Ibara ya 27. Hiyo inamtaka kila mtu alinde maliasili ya nchi na mali ya wananchi wote. Inatutaka tuitunze mali hiyo na kupiga vita uharibifu na ubadhirifu, kama watu ambao wenyewe ndio waamuzi wa mambo ya mbele ya taifa lao.

Umeona? Hata Katiba inatuita wenye nchi. Na mwenye mali ana kazi tatu: kuitolea jasho, kuitunza, na kuuliza hesabu yake. Tuzitazame moja moja.

2. KAZI YA KWANZA: KUTOA

Wazee wa Ugogo walirithishwa habari za njaa iliyoitwa Mtunya. Njaa hiyo ilikuwa kati ya mwaka 1917 na 1920. Mvua ilikosekana, ni kweli. Lakini Ugogo tunaifahamu mvua yetu. Inakuja mara moja kwa mwaka, na mara nyingine haiji vizuri. Watu walikuwa na akiba zao za mtama na uwele, na ng'ombe wa kubadilisha na chakula wakati wa shida. Kwa nini safari hiyo walikufa wengi sana?

Sababu kubwa ni Vita Kuu ya Kwanza, iliyoanza mwaka 1914. Wajerumani waliokuwa wakitawala walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo ya jeshi. Mwaka 1916 Waingereza waliiteka Dodoma. Nao pia wakataka ng'ombe, nafaka na wapagazi. Ghala zikabaki tupu na mazizi yakapungua. Mvua ilipokosekana, watu hawakuwa na kitu cha kushika.

Je, Wagogo wale walikuwa wakionyesha uzalendo? Hapana. Walinyang'anywa. Vita haikuwa yao, na nchi ilikuwa mikononi mwa wengine. Mtu aliyenyang'anywa hatumwiti mzalendo.

Sasa tazama miaka 60 baadaye. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka na kuiteka ardhi yetu iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Kagera ni mbali na Dodoma. Wengi wa hapa hawakuwahi kufika huko. Lakini safari hii watu walijua kuwa nyumba iliyovunjwa ni yao. Vijana na mgambo wa mikoa mbalimbali walikwenda vitani. Wananchi walichanga ng'ombe, nafaka na fedha. Aprili 1979 majeshi yetu, pamoja na Waganda waliompinga Amin, yaliingia Kampala. Wako waliokwenda na hawakurudi. Na miaka iliyofuata ilikuwa migumu, maana vita hula fedha.

Ng'ombe ni yule yule, na mtama ni ule ule. Lakini ng'ombe wa mwaka 1917 alinyang'anywa, na ng'ombe wa mwaka 1978 alitolewa. Mwenye nchi hutoa kwa sababu anajua anatolea nini.

Hapa niongeze jambo moja. Kuipenda nchi yako si kuwachukia watu wa nchi nyingine. Wilaya yetu ya Kongwa ni shahidi. Kuanzia mwaka 1964 Kongwa palikuwa na kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji. Baadaye walikuwapo pia wapigania uhuru wa Afrika Kusini, Namibia, Zimbabwe na Angola. Wenyeji wa Kongwa waliishi nao kama majirani. Msumbiji ilipata uhuru mwaka 1975, Zimbabwe mwaka 1980, Namibia mwaka 1990, na Afrika Kusini ikaachana na utawala wa ubaguzi mwaka 1994. Ukarimu wa watu wa Kongwa nao ulikuwa uzalendo. Mtu anayejua thamani ya nyumba yake humwonea uchungu aliyenyimwa ya kwake.

3. KAZI YA PILI: KUTUNZA

Vita haiji kila mwaka, tunamshukuru Mungu. Lakini nchi inaweza kupotea bila risasi hata moja. Inaweza kuchukuliwa na maji ya mvua.

Twende Kondoa, kaskazini ya mkoa wetu. Milima ya Irangi ina udongo mwekundu. Kwa miaka mingi miti ilikatwa na mifugo ikawa mingi kuliko nyasi. Mvua iliponyesha, udongo uliteremka. Yakafunguka makorongo makubwa. Shamba lililolimwa na babu likawa shimo mbele ya mjukuu wake. Hiyo ndiyo tunaita mmomonyoko wa udongo.

Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma. Watu waliuita HADO kwa kifupi. Matuta yalichimbwa, miti ikapandwa, mabonde yakazuiwa. Lakini mifugo iliendelea kula kila kilichochipua. Basi mwaka 1979 ikaamuliwa kuwa mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika, eneo la kilomita za mraba zaidi ya 1,200. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wakaondolewa kwa makumi ya maelfu.

Ndugu msomaji mfugaji, wewe unajua maana yake. Ng'ombe ni maziwa ya watoto, ni mbolea, ni mahari, ni akiba ya siku ya ugonjwa. Kumwondoa si kama kuondoa kiti. Uamuzi ulitoka serikalini, na mzigo waliubeba wenye mifugo. Walio wengi waliumia, na tusiseme kuwa haikuwa hivyo.

Matokeo yalikuwa nini? Nyasi zilirudi. Miti ikachipua yenyewe kwenye visiki. Makorongo mengi yakaanza kutulia. Miaka ya mwisho ya 1980 watu wakaanza kuruhusiwa kufuga ng'ombe wa maziwa ndani ya zizi, wakiwakatia majani.

Kondoa inatufundisha mambo mawili. La kwanza, mzalendo hufikiria mtu ambaye bado hajazaliwa. Anayepanda mti akiwa na nywele nyeupe hapandi kwa ajili ya kivuli chake. La pili, tunapoombwa kubeba mzigo kwa ajili ya wote, ni haki tuelezwe sababu yake, na ni haki mzigo ugawanywe. Uzalendo si kumtwisha jirani peke yake, kisha sisi kumpigia makofi.

4. PAMPU ILIPOSIMAMA

Sasa turudi kijijini kwetu, katika darasa la yule bibi.

Kijiji kile kina kisima kirefu chenye pampu ya dizeli. Kila kaya hulipa shilingi 1,000 kwa mwezi. Fedha hiyo hununua dizeli, humlipa mhudumu wa pampu, na hutengeneza kinachoharibika. Wengine huuliza, "Kwa nini tulipe? Zamani maji yalikuwa bure." Ni kweli. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kupeleka maji vijijini, na watu hawakutozwa. Visima vingi vilichimbwa. Lakini pampu nyingi zilisimama, kwa kuwa haikuwapo fedha ya dizeli wala ya spea, na hakuna aliyejiona kuwa ndiye mwenyewe. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikasisitiza kuwa watumiaji wa maji vijijini wachangie gharama za kuuendesha mradi wao.

Basi, siku chache baada ya swali la bibi, mkanda wa mashine ukakatika. Mkanda mpya ulikuwa shilingi 90,000. Kamati ya maji ikatangaza kuwa katika mfuko zimo shilingi 30,000 tu. Pampu ikasimama.

Wanawake wakarudi kule walikokuwa wakienda mama zao, korongoni, kufukua mchanga mpaka maji yatokee kidogo kidogo. Walitoka alfajiri na kurudi jua likiwa juu. Wasichana wawili wa darasa la sita hawakuonekana shuleni wiki nzima. Watoto wadogo wakaanza kuharisha. Watu walilalamika vilabuni na majumbani. Lakini ofisini hakwenda mtu.

Wakati huo wote, ubao wa matangazo ulikuwa ukutani mwa ofisi ya kijiji, hatua 20 kutoka darasani kwetu. Juu yake palibandikwa karatasi. Niliwaambia wanafunzi, "Leo hatusomi kitabu. Tunasoma ule ubao."

Tukaenda na kunakili. Karatasi ilisema hivi:

MAPATO NA MATUMIZI YA MAJI, MIEZI MITATU
Mapato: michango ya kaya, sh. 285,000
Matumizi: dizeli, sh. 165,000
Posho ya mhudumu, sh. 60,000
Kutengeneza bomba lililopasuka, sh. 30,000
Jumla ya matumizi, sh. 255,000
Salio, sh. 30,000

Tukajumlisha matumizi. Yakawa 255,000. Sawa. Tukatoa katika 285,000. Ikabaki 30,000. Sawa. Kijana wa fulana akasema, "Hesabu ni safi, mwalimu. Twende nyumbani."

Bibi akauliza, "Kaya zetu ni ngapi?"

"Mia moja na ishirini," akajibiwa.

"Basi zidisheni."

Tukazidisha. Kaya 120 mara shilingi 1,000 ni shilingi 120,000 kwa mwezi. Mara miezi mitatu ni shilingi 360,000. Ubao ulisema 285,000. Tukatoa. Ikabaki 75,000.

Watu walitazamana. Shilingi 75,000 na zile 30,000 za mfukoni ni 105,000. Mkanda ni 90,000. Kumbe fedha ya mkanda ilikuwapo, au ilipaswa kuwapo.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza: hata penye daftari, mali hupotea kama hakuna anayelisoma.

5. KAZI YA TATU: KUULIZA HESABU

Mkutano mkuu wa kijiji ulikuwa Jumamosi. Tukumbushane: mkutano mkuu ni wa wakazi wote wa kijiji wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Huo ndio wenye kauli ya juu katika kijiji. Ndio unaomchagua mwenyekiti na halmashauri ya kijiji. Hupaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo. Kuuliza hesabu katika mkutano huo si kuomba hisani. Ni haki yako. Na Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa juu ya mambo muhimu kwa maisha yake na kwa jamii.

Lakini nani atauliza? Wanafunzi wangu waliogopa. Bibi akasema, "Nitauliza mimi. Mtu wa umri wangu watamfanya nini?"

Siku ya mkutano alisimama akishika fimbo yake kwa mkono mmoja na daftari kwa mkono wa pili. "Ndugu mwenyekiti," akasema, "naomba kuuliza. Kaya ni 120. Mchango ni shilingi 1,000. Miezi ni mitatu. Sisi darasani tumepata 360,000. Ubao unasema 285,000. Shilingi 75,000 ziko wapi?"

Mtu mmoja mwenye sauti kubwa akaruka. "Huo ni uchochezi! Kijiji kina shida ya maji, nyie mnaleta maneno. Hamna uzalendo!"

Ndugu msomaji, simama hapa kidogo. Neno uzalendo hutumiwa mara nyingine kama kitambaa cha kuziba watu midomo. Usikubali. Anayeuliza mali ya wote iko wapi anafanya kazi ya mwenye mali. Mwizi wa ng'ombe hapendi mbwa anayebweka, lakini mwenye zizi humpenda.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa busara. Alisema, "Bibi ameuliza kwa hesabu. Naye ajibiwe kwa hesabu." Yakaletwa madaftari na vishina vya risiti. Yakasomwa jina moja moja, mbele ya watu wote, kwa muda wa saa mbili.

Matokeo yalikuwa hivi. Kaya 25 hazikuonekana katika daftari la mapato. Kati yake, kaya 8 zilikuwa na risiti mkononi. Walilipa, lakini fedha yao haikuandikwa. Hiyo ni shilingi 24,000. Mweka hazina wa kamati aliinamisha kichwa. Alisema mtoto wake aliugua, akaziazima, kisha akashindwa kuzirudisha. Watu walimwonea huruma, lakini hawakumwacha hivi hivi. Walimpa wiki mbili alipe, na wakachagua mweka hazina mwingine.

Kaya 17 zilizobaki hazikulipa kabisa. Hiyo ni shilingi 51,000. Tafadhali rudia hesabu hiyo mwenyewe: fedha iliyochukuliwa na mtu mmoja ilikuwa 24,000, na fedha ambayo watu hawakuitoa ilikuwa 51,000. Ipi ni kubwa?

Majina 17 yakasomwa. Yule mwenye sauti kubwa alikuwamo. Mjumbe mmoja wa halmashauri alikuwamo.

Nami nilikuwamo.

Nilikuwa nimepanga chumba kijijini hapo. Miezi yote ile mitatu nilichota maji ya kisima kile kila siku. Niliwahi kujiambia, "Mimi mgeni hapa. Nimekuja kufundisha, nawasaidia." Wiki ile ile nilikuwa nimeandika UZALENDO ubaoni kwa herufi kubwa. Jina langu liliposomwa, wanafunzi wangu walitazama chini kwa ajili yangu. Nilitoa shilingi 3,000 mbele yao, nikapewa risiti. Aibu ile sijaisahau, na sitaki kuisahau.

Jumatatu fedha zilitimia. Jumatano mkanda ulifungwa na pampu ikanguruma. Wale wasichana wawili walirudi shule.

6. KUSOMA NI SILAHA YA MWENYE NCHI

Mwaka 1967, miaka sita baada ya Uhuru, watu wazima 67 katika kila 100 nchini hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu walisoma chini ya miti, mashuleni na makanisani, mchana na jioni. Kufika mwaka 1986, wasiojua walikuwa chini ya 10 katika kila 100. Baadaye madarasa mengi yalifungwa, vitabu vikaadimika, na idadi ya wasiojua ikapanda tena. Ujuzi ni kama jembe. Usipolitumia linaota kutu.

Kwa hiyo, wewe unayesoma gazeti hili, usiseme, "Mimi ni mtu mdogo." Unaweza kusoma ubao. Unaweza kuzidisha. Unaweza kuandika swali kwenye karatasi ili usilisahau mkutanoni. Mtu wa namna hiyo ni mlinzi. Halindi mpaka wa Kagera. Analinda kisima, shule, zahanati na msitu wa kijiji. Na nchi ni nini, kama si visima, shule, zahanati na misitu ya vijiji vyake vyote?

7. MAMBO UNAYOWEZA KUANZA KUFANYA

a) Lipa mchango na kodi yako kwa wakati, na udai risiti. Risiti inakulinda wewe, na inamlinda mpokeaji pia.

b) Soma ubao wa matangazo wa kijiji. Kama hakuna karatasi ya mapato na matumizi, omba ibandikwe.

c) Hudhuria mkutano mkuu. Uliza kwa hesabu na kwa heshima. Usimtuhumu mtu kwa kusikia tu. Uvumi nao huvunja kijiji.

d) Kabla ya kunyoosha kidole, angalia kama jina lako limo kati ya wasiolipa. Haya nimejifunza kwa gharama ya aibu.

e) Ukiona bomba linavuja au dawati limevunjika, usiseme ni mali ya serikali. Toa habari, au lishike ulitengeneze.

f) Panda miti na uitunze mpaka ishike. Usichome moto ovyo wakati wa kiangazi. Usilime kwa kuteremka mlima.

g) Safisha nyumba yako. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu walisikiliza redio kwa vikundi, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hakuna aliyeshika bunduki, lakini waliokoa maisha.

h) Mpeleke mtoto shule, wa kike na wa kiume. Mfundishe jirani asiyejua kusoma.

8. JIBU LA BIBI

Miezi mitatu ilipopita, karatasi mpya ilibandikwa. Nilipofika darasani jioni nilimkuta bibi amekwisha tangulia. Alikuwa amesimama mbele ya ubao, ndoo ya maji iko chini karibu na miguu yake. Kidole chake kilikuwa juu ya mstari wa kwanza. Alikuwa akisoma kwa sauti, neno kwa neno: "Ma-pa-to. Mi-cha-ngo ya ka-ya."

Nilimsubiri amalize. Kisha nikasema, "Bibi, nina deni lako. Uliniuliza kama wewe ni mzalendo."

Hakugeuka. Akasema, "Ngoja kwanza, mwalimu. Sijafika kwenye salio."

MANENO YA KUKUMBUKA

Ubadhirifu: kutumia mali ya wote vibaya au kuipoteza.
Salio: fedha inayobaki baada ya matumizi.
Kishina: sehemu ya risiti inayobaki katika kitabu.
Mmomonyoko: udongo kuchukuliwa na maji au upepo.
Uchochezi: kuwatia watu maneno ili wagombane.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Ng'ombe wa wakati wa Mtunya na ng'ombe wa mwaka 1978 wanatofautianaje?
2. Watu wa Kondoa walipoteza nini, na walipata nini? Mzigo ule ungewezaje kugawanywa vizuri zaidi?
3. Kijiji chenu kina kaya ngapi? Mchango wa maji au wa shule ni kiasi gani? Zidisheni, kisha mlinganishe na ubao.
4. Mweka hazina aliazima fedha kwa sababu mtoto aliugua. Kijiji kilifanya haki? Nyinyi mngefanyaje?
5. Andika jambo moja utakaloanza kulifanya wiki hii. Weka jina lako na tarehe. Karatasi hiyo usimpe mwalimu. Kaa nayo mwenyewe, uisome tena baada ya miezi mitatu.